Moshi Ule Ule, Pua Mbili



Leo nataka tuongee habari ya pua. Najua kuna watu washaanza kucheka. Cheka kwanza, halafu usome.

Mjomba wangu hapa Jego alirudi kutoka Iraki mwaka 2010, na tangu arudi hajapumua kwa pua sawasawa hata siku moja. Hutembea na leso mbili mfukoni. Akiamka alfajiri ni chafya mfululizo, mpaka majirani wanajua kumekucha. Usiku anakoroma halafu pumzi inakatika, mkaza mjomba anamtikisa, anaendelea. Sisi miaka yote tulikuwa tunasema ni baridi, ni vumbi la barabara ya Vanga, bibi yeye alisema ni kijicho cha watu waliomuona amerudi na pesa. Tukicheka, naye anacheka.

Mwezi uliopita mtungi wa gesi ulivuja jikoni. Mjomba ameketi mlangoni, hatua tatu kutoka kwenye mtungi, anasikiliza redio yake. Mkaza mjomba alitoka kisimani, harufu ikampokea uani. Akaingia mbio, akamkuta mumewe ashasimama, kiberiti mkononi, ataka kubandika chai. Hakusikia harufu yoyote. Wallahi siku hiyo hakuna aliyecheka.

Hiyo ni pua ya kwanza. Sasa pua ya pili.

Kuna jamaa tulisoma naye sekondari Diani. Alishinda ile bahati nasibu ya viza, akaenda Marekani, akajiunga na jeshi lao. Walimpeleka Kuwait miezi tisa. Hakupigana na mtu, kazi yake ilikuwa stoo, kuhesabu vipuri vya magari. Alipotoka jeshini alikuwa na mafua yasiyoisha, akaandika fomu. Juzi tukiongea nikamsimulia habari ya mjomba na mtungi wa gesi, akanyamaza kidogo, halafu akanitumia picha ya barua. Serikali ya Marekani imemkubalia ulemavu wa asilimia 10 kwa ajili ya pua. Kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 175.51 kila mwezi, kama shilingi elfu 22 za kwetu. Kila mwezi, bila kodi, na matibabu ya hiyo pua juu yao.

Mimi simwonei gere. Anaumwa, na anastahili. Lakini nilikaa na hiyo simu mkononi nikawa najiuliza: huyu alikaa Kuwait miezi tisa ndani ya stoo. Mjomba alifua nguo za wanajeshi kama huyu miaka mitatu Iraki, nyuma ya dobi lao kukiwa na shimo la kuchomea taka. Moshi ni ule ule. Kwa nini pua moja ina barua na nyingine ina leso?

Basi nikaanza kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa rinitisi. Ule utando laini wa ndani ya pua unavimba na kubaki umevimba. Kuna ya mzio, au aleji kama tunavyosema, ambapo mwili unapigana na vumbi, chavua au unga kama unapigana na adui. Na kuna isiyo ya mzio, inayoletwa na moshi, kemikali na hewa chafu. Zote mbili pua inaziba, kamasi hazikauki, harufu inapotea. Kwa wengine ndani ya pua huota vinyama. Na kwa sababu pua na mapafu ni njia moja ya hewa, aghlabu sainasi na pumu hufuatana nayo. Sio ugonjwa wa kuua mtu leo. Ni ugonjwa wa kumla mtu kidogo kidogo, usingizi wake, kazi yake, hata raha ya kusikia harufu ya pilau ya Idi.

Marekani wameweka vipimo vyake. Kama pua imeziba zaidi ya nusu pande zote mbili, au upande mmoja umeziba kabisa, ni asilimia 10. Kama kuna vinyama, ni asilimia 30, na hapo kwa mwaka 2025 mtu asiye na mke wala watoto alikuwa anapata dola 537.42 kwa mwezi. Kwa hivyo msinicheke mimi na pua zangu. Kuna serikali kubwa imekaa chini ikapima tundu za pua za wanajeshi wake na kuziwekea bei.

Lakini kipimo sio kitu kikubwa kwangu. Kilichonitoa usingizi ni mambo ya ushahidi.

Kwa kawaida mwanajeshi wao mstaafu akidai ulemavu lazima athibitishe vitu vitatu: kwamba anaumwa sasa, kwamba kuna jambo lilimpata akiwa kazini, na kwamba hilo jambo ndilo lililoleta ugonjwa. Hicho cha tatu ndicho kilikuwa kinawaua. Utathibitisha vipi kwamba pua yako imeharibiwa na moshi wa Iraki na sio vumbi la kwenu Texas? Kambi zao Iraki na Afghanistan zilikuwa na mashimo ya kuchomea kila taka: plastiki, matairi, betri, taka za hospitali, wanamwagia mafuta ya ndege wanawasha. Shimo la kambi ya Balad, kaskazini mwa Baghdad, lilikuwa likichoma zaidi ya tani 100 kwa siku. Wanajeshi wakarudi nyumbani na vikohozi, pumu, saratani. Wakiandika fomu wanaambiwa leta ushahidi. Wengi walikataliwa mwaka baada ya mwaka.

Agosti 2021 ofisi yao ya wanajeshi wastaafu ikalegeza kidogo, ikakubali magonjwa matatu ya kwanza: pumu, rinitisi na sainasi. Halafu tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden akatia saini sheria wanayoiita PACT. Sheria hiyo imepewa jina la Heath Robinson, askari wa Ohio aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Na kazi yake kubwa ni kukiondoa hicho kitu cha tatu. Kama ulihudumu katika nchi fulani, kwa miaka fulani, na sasa una ugonjwa ulio kwenye orodha, sheria inachukulia kwamba uliupata kule. Basi. Huulizwi tena vumbi la Texas. Mzigo wa kuthibitisha umetoka kwenye bega la mgonjwa.

Sasa nataka usome orodha ya nchi polepole. Kuanzia tarehe 2 Agosti 1990: Iraki, Kuwait, Saudia, Bahrain, Qatar, Oman, Falme za Kiarabu, Somalia. Kuanzia tarehe 11 Septemba 2001: Afghanistan, Djibouti, Misri, Yordani, Lebanoni, Siria, Yemen, Uzbekistan.

Umeona? Ukitoa mbili tatu, hiyo ni orodha ya viza zilizoko kwenye makabati ya mama zetu kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga. Dada zetu wako Riyadh na Jeddah wakisafisha majumba. Kaka zetu wako Doha na Dubai wakilinda milango na kubeba zege kwenye jua. Marekani imeandika kwenye sheria yake kwamba mtu mzima mwenye afya, aliyepimwa na daktari wa jeshi kabla ya kwenda, akivuta hewa ya nchi hizo na baadaye pua yake ikaharibika, tusimsumbue, tuchukulie ni ile hewa. Dada yako akirudi Ukunda na pua hiyo hiyo, anaambiwa ni baridi ya eyakondisheni, meza Piriton.

Na msidhani hao wanajeshi walipewa kwa huruma. Mwishoni mwa Julai 2022 ule mswada ulikwama kwenye Seneti yao, kura hazikutosha. Wastaafu na wajane wakaenda kulala kwenye ngazi za Bunge, usiku na mchana, mvua na jua, pamoja na mchekeshaji Jon Stewart akiwasemea. Tarehe 2 Agosti Seneti ikaupitisha. Siku tano hivi za ngazi, lakini nyuma yake kulikuwa na miaka zaidi ya kumi ya watu kukusanya majina, picha, vyeti vya hospitali na barua za waliokufa. Hizo ngazi zingekuwa kelele tu kama si yale mafaili.

Kuna jambo nisipolisema hapa nitakuwa mnafiki. Kando ya shimo la Balad kulikuwa na watu. Wakulima, watoto, wamama wenye nguo kambani. Moshi haukuuliza nani ana kitambulisho cha jeshi. Hao walivamiwa, wakavutishwa moshi, na sheria ya PACT haiwahusu hata kwa neno moja. Mwanajeshi aliyekuja kwao analipwa kwa kuugua hewa yao, wenye hewa hawalipwi. Mimi nikiisifu hiyo sheria naisifu kwa ule ufundi wake wa kuutua mzigo wa ushahidi. Haki yake imeishia kwenye mlango wa kambi, na tukijenga ya kwetu tusiige huo mlango.

Turudi kwa mjomba. Yeye hakuwa mwanajeshi wala mwenyeji, alikuwa kibarua wa kambini. PACT haimhusu pia. Kama mjomba walikuwa maelfu, Wakenya, Wahindi, Wafilipino, Wanepali, na Waganda ndio usiseme, hao ndio walikuwa walinzi wa mageti kwenye kambi nyingi za Marekani kule Iraki. Nilidhani hawa hawana kitu. Kumbe kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1941, inaitwa Defense Base Act, inayomlazimisha kila mwenye tenda ya kazi za kijeshi za Marekani nje ya nchi yao kuwakatia bima wafanyakazi wake. Wafanyakazi wote, wa taifa lolote, hata akiwa anafua soksi. Inahusu ajali na inahusu ugonjwa uliotokana na kazi. Na ndani yake kuna chembe ya lile wazo la PACT: mfanyakazi akionyesha kwamba anaumwa na kwamba mazingira ya kazi yangeweza kuleta ugonjwa huo, sheria inaegemea upande wake mpaka kampuni ilete ushahidi wa maana wa kukanusha.

Mjomba nilipomweleza, aliniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, mbona hatukuambiwa?"

Sikuwa na jibu. Alisainishwa kontrakti ya kurasa nyingi Mombasa, kwa wakala fulani, usiku, basi la uwanja wa ndege likingoja nje. Nakala hakupewa. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ya Ghuba, nayo ilipewa kazi na kampuni ya Marekani, nayo ilipewa kazi na jeshi. Ukiuliza mwajiri ni nani, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Majina nayaacha, manake hapa sio mahali pake. Mahali pake ni kwenye fomu.

Na fomu ipo. Inaitwa LS-203, inapelekwa kwa Idara ya Kazi ya Marekani, sio kwa jeshi. Kwa ugonjwa wa kazini muda ni miaka miwili, na sikilizeni hapa vizuri kwa sababu watu wengi hukata tamaa bure: miaka miwili haihesabiwi tangu uondoke Iraki. Inahesabiwa tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba ugonjwa wako na ulemavu wako vinahusiana na ile kazi. Mjomba hakuna daktari aliyewahi kumuuliza alifanya kazi wapi. Miaka kumi na tano amepewa vidonge vya mafua dirishani. Kwa hivyo mlango wake huenda haujafungwa. Lakini siku daktari akimwambia, saa inaanza kugonga.

Jambo lingine, kwa vile matapeli nao husoma kurasa kama hizi. Katika kesi za sheria hiyo wakili haruhusiwi kuchukua pesa za mgonjwa bila ada yake kuidhinishwa, na kesi ikishinda mara nyingi bima ndiyo humlipa. Akija mtu maskani anakwambia toa elfu kumi ya kufungua faili la Marekani, mkaribishe maji anywe, aende zake.

Sitawadanganya kwamba ni njia rahisi. Bima itasema: huyu mzee anapikiwa kwa kuni, amekulia kwenye moshi wa makumbi ya nazi, ana umri, hewa ya Jego ina chumvi na vumbi. Sheria yenyewe inabagua waziwazi pia. Kwa mtu ambaye sio Mmarekani wala haishi kwao, akipata ulemavu wa kudumu, inaruhusu malipo yake ya baadaye yafungwe kwa mkupuo mmoja, kwa nusu ya thamani yake. Nusu. Imeandikwa hivyo, haijafichwa. Pumzi ya mtu wa Jego ni nusu bei, na hata hiyo nusu hatujawahi kwenda kuiomba.

Tulikaa kitako na mjomba jioni nzima kutafuta ana nini mkononi. Tukapata kitambulisho chake cha kambi, plastiki imepauka lakini tarehe zinasomeka. Pasi ya zamani yenye mihuri. Risiti mbili za kutuma pesa nyumbani. Na ile picha ambayo sote tumeiona ikining'inia sebuleni tangu tukiwa wadogo: mjomba amesimama na miwani ya jua, kidole gumba juu, anatabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuangalia nyuma yake. Nyuma kuna nguzo ya moshi mweusi inapanda mpaka ukingo wa picha.

Wale ambao hamjawahi kwenda popote msidhani haya hayawahusu. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007. Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019 baada ya kesi ya miaka mingi. Inasema mwajiri lazima awe na bima, lazima aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na wewe udai ndani ya miezi 12. Ukiwa hujiwezi kabisa na ni kwa kudumu, ni mshahara wa miezi 96. Magonjwa ya kazini nayo yamo, yana jedwali lake. Na usiogope kwamba huna karatasi ya kuajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua hata makubaliano ya mdomo.

Hebu jiulize ni nani hapa kwetu anayeijua. Vijana wanaokata mawe ya matumbawe kwenye matimbo, wakitoka ni weupe kama waliopakwa unga. Maseremala wetu na vumbi la mbao. Waoka mikate wanaoamka saa nane usiku. Unga na vumbi la mbao ni katika visababishi vya rinitisi ya kazini vinavyojulikana duniani kote, sio siri ya madaktari wachache. Uingereza wana orodha ya magonjwa ya kazini na rinitisi ya mzio imo humo, wameipa namba D4. Ingawa nao wana ujanja wao: ili ulipwe lazima ulemavu wako ufike asilimia 14, na pua peke yake kufika huko ni kazi. Yaani wanakukubalia unaumwa kisha hawakulipi. Kwa hivyo orodha peke yake haitoshi, lazima usome na maandishi madogo ya chini.

Hata askari wetu. Sheria yetu ya majeraha ya kazini imewaacha nje wanajeshi, wao wana taratibu zao za pensheni. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na nchi hiyo iko kwenye orodha ya Wamarekani. Mmarekani aliyekaa Kismayu akirudi na pua mbovu, kwao hilo swali limekwisha. Kijana wa Kinango aliyelala handaki la jirani naye anastahili swali lake liishe vile vile, na wabunge wetu wana kalamu. Tukiwaita kwenye mikutano kuwauliza habari za basari, tuwaulize na hili.

Kuna mwenzangu mmoja aliniambia, "Bwana, watu wanakosa maji, wewe unatuletea mambo ya kamasi." Namheshimu, lakini nilimjibu kwa mfano wa Owino Uhuru. Pale Mombasa watu waliambiwa hivyo hivyo, kwamba watoto wanaumwa homa za kawaida tu. Kilichowaokoa ni vipimo vya damu vilivyoonyesha risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekataa kunyamaza. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaivunja hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi ilipanda na kushuka miaka hiyo yote, zile karatasi za damu hazikubadilika.

Na anayejua mambo ya kukosa karatasi ni sisi wa hapa. Jasini iko hapo tu, ng'ambo ya mpaka. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani walipigana pale siku mbili, tarehe 18 na 19, na vita hivyo vyote vya Afrika Mashariki vilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa, sio kwa risasi. Ujira wa wengi wao haukufika kwa jamaa zao kamwe, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jamaa hawajulikani, majina hayakuandikwa vizuri. Leo tumebakiwa na Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, jina la soko. Mjomba alikuwa mpagazi wa vita vingine, tofauti ni kwamba yeye yu hai na ana kitambulisho cha plastiki.

Kwa hivyo nawaomba mambo madogo. Unayeenda Ghuba mwezi huu, kapimwe kifua na pua kabla ya kuondoka na uache nakala nyumbani, ili siku ya siku uonyeshe ulitoka mzima. Piga picha kila ukurasa wa kontrakti kabla ya kusaini, mtumie dada yako. Saudia, kwa mfano, mwajiri wa kampuni huchangia bima ya madhara ya kazini hata kwa wageni, lakini wafanyakazi wa majumbani hawamo, basi ujue unaingia mlango gani. Ukiwa kule, piga picha mahali unapofanyia kazi, sio uso wako tu. Ukiumwa, mwambie daktari kazi unayofanya na umwombe aiandike. Na wewe wa timboni, leo usiku andika kwenye daftari jina la tajiri, tarehe uliyoanza na majina ya wenzako wawili.

Mjomba tunampeleka Msambweni Jumatatu, akaangaliwe pua vizuri, kwa taa, kama ana vile vinyama au la. Tumeandika kwenye karatasi moja maneno ya kumwambia daktari, kwa sababu mjomba akifika mbele ya koti jeupe husema "sijambo" tu. Mtungi wa gesi tumeutoa nje, chini ya mwembe, na mkaza mjomba ndiye mwenye ufunguo wa rejeta.

Wenye watu waliofanya kazi kambini Iraki, Kuwait au Afghanistan, na wenye karatasi za Ghuba za aina yoyote, njooni nazo maskani Jumamosi baada ya Alasiri. Tutazipiga picha zote na kumtengenezea kila mtu faili lake. Simu yenye kamera nzuri ni moja, basi mje mapema, na pasi za zamani msizitupe hata kama zimeliwa na mchwa.

Wassalam.